Mjomba, achana na kipima mlalo: geji za Land Rover ya Mdandu



Wiki hii naomba tuache siasa kidogo, tuongee magari. Najua wapo watakaouliza mwandishi wa habari anajua nini kuhusu injini. Swali zuri. Mimi chuo nilisomea uandishi, sikusomea ufundi. Lakini kazi hii imenipandisha kwenye magari ya kila aina, kuanzia mashangingi ya waheshimiwa hadi pick-up za kubebea mbao, na mengine yameniacha porini. Ukiachwa porini na gari unakuwa na muda mwingi sana wa kumhoji dereva.

Kilichonifanya niandike ni simu ya mjomba wangu wa Mdandu. Amenunua Land Rover 110 pick-up, injini ya 300Tdi. Ni ya zamani, lakini bodi nzima. Itabeba viazi na mahindi kwenda Makambako. Na kama tunavyojua mambo ya vijijini kwetu, gari likishakuwepo mtaani ndiyo ambulensi hiyo hiyo. Mama mwenye uchungu saa nane usiku, mzee aliyezidiwa, wote watapelekwa hospitali ya Ilembula kwa gari la mjomba, na hakuna atakayeuliza kama rejeta ni nzima.

Mjomba akaniambia hivi: "Mjomba, wewe ndiye msomi wetu. Fundi wa Makambako ameniwekea geji sita mezani, anasema dashibodi inabeba zote. Hela yangu inatosha mbili, nikijibana sana tatu. Nichukue zipi?"

Sita zenyewe ni hizi: kipima mlalo (kile chenye picha ya kigari kinachoinama), kipima urefu kutoka usawa wa bahari, geji ya turbo, geji ya joto la maji, geji ya presha ya oili na geji ya volti. Mjomba, nilimsikia kabisa kwenye sauti, alishaipenda ile ya kigari. Inawaka taa ya bluu usiku.

Msimamo wangu nautoa hapa hapa. Hela ya kwanza iende kwenye joto, tena siyo joto la maji analouza fundi bali joto la chuma cha injini, na kifaa chenyewe kiwe na kengele. Hela ya pili iende kwenye presha ya oili. Volti ni ya tatu, na ya bei rahisi inatosha. Kigari cha taa ya bluu kibaki Makambako.

Sasa nijieleze.

Defender za kipindi kile hazikuwa na mambo mengi mbele ya dereva. Kuna spidi, kuna mshale wa mafuta, kuna mshale wa joto na safu ya taa za onyo. Presha ya oili ni taa tu. Chaji ni taa tu. Linganisha na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile tunazoziita mkonga, ambazo kwa miaka mingi zimetoka kiwandani zikiwa na mshale wa oili na wa volti pale pale kwenye dashibodi. Kwa hiyo mwenye mkonga akiniuliza nitampa jibu tofauti na la mjomba. Kwanza mtu aangalie gari lake limemnyima nini, ndipo aende dukani. Naona wengi tunaanza na duka.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo injini nyingi za huku kwetu zinapofia.

Mshale wa joto wa kwenye dashibodi una shida mbili. Ya kwanza ni kwamba hauna namba. Una alama ya baridi, alama ya moto, na katikati. Kwenye magari mengi ya kisasa kompyuta inaushikilia katikati makusudi, joto likipanda kidogo au likishuka kidogo wewe huoni, ili mteja asiwe anarudi gereji kila siku kulalamika. Ukiuona umeanza kupanda, mambo yameshaharibika. Kwenye Land Rover ya mjomba hakuna kompyuta ya kuudanganya, lakini mshale wenyewe ni mzito na hauna namba, kwa hiyo hali ni ile ile.

Shida ya pili ndiyo mbaya zaidi, na watu wengi hawaijui. Sensa ya joto la maji inapima maji. Maji yakiisha, inapima nini? Inapima hewa na mvuke, na mara nyingi mshale unashuka wakati injini inaungua!

Hili nimeliona kwa macho. Machi 2023 nilikuwa kwenye pick-up ya mradi mmoja (sitautaja), tunaelekea Ludewa. Kwenye mlima mmoja mkali mshale ukapanda kidogo juu ya katikati. Dereva akaangalia, akanyamaza. Dakika chache baadaye ukashuka, ukapita hata pale unapokaa siku zote. Dereva akatabasamu, akaniambia: "Umeona mwandishi, limepoa lenyewe." Hatukufika mbali. Harufu ikaingia ndani, kama sukari inayoungua, nguvu ikaisha, injini ikazima na haikuzunguka tena. Mpira wa maji wa chini ulikuwa umepasuka, maji yote yako barabarani nyuma yetu. Ule mshale ulioshuka ulikuwa unapima hewa.

Tulilala pale. Mvua ilinyesha usiku kucha. Baadaye nilisikia silinda hedi ilipinda isipasike tena.

Ndiyo maana namwambia mjomba achukue kile kifaa ambacho sensa yake ni kama washa, ile ya pete, unaifunga chini ya bolti kwenye silinda hedi. Kinapima joto la chuma chenyewe. Maji yawepo, yasiwepo, chuma kikipata moto kinasema. Kinasema kweli, maana kina kengele: unakipangia namba, ikipita hapo kinapiga kelele. Kwa barabara zetu kelele ni muhimu kuliko mshale. Mtu anayeshuka kwenye utelezi na gunia ishirini nyuma, macho yake yako kwenye makorongo. Hana muda wa kutazama dashibodi kila nusu dakika.

Na kwa 300Tdi hili ni lazima. Bloku yake ni chuma cha kawaida, hedi yake ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukizidisha joto, hedi inataka kutanuka, bloku inakataa, mwishowe hedi inapinda na gasketi inaungua. Wenye Prado za 1KZ wanaujua vizuri wimbo huu, maana zao pia zina hedi ya aluminiamu na kupasuka kwake ni habari ya kila gereji.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulielewa haraka. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini kidogo, lakini nayo ni juu. Tulifundishwa sekondari kwamba maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni pwani. Kwenye meta 2,000 maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage ya Njombe yanakula kuni nyingi. Sasa themostati ya 300Tdi inafunguka kwenye nyuzi 88. Yaani injini nzima kabisa, isiyo na ugonjwa wowote, inatembea karibu na nyuzi 88 au 90. Kutoka hapo hadi 93 umebakiwa na nini?

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko unashikilia presha ndani, na mfuniko mzima wa takriban bar 1 unapandisha kiwango cha kuchemka, hata huku juu, hadi zaidi ya nyuzi 115. Ukichoka, ukiwa raba yake imeisha, au ukiwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli kama nilivyoona kwenye gari moja stendi ya Njombe, umerudi kwenye sufuria la maharage. Kwa hiyo mjomba, kabla hujanunua geji yoyote nunua mfuniko mpya. Hautawaka taa ya bluu, nisamehe.

Halafu mwambie fundi wako asiitoe themostati. Nimekuta mafundi wengi huku wanaing'oa na kuitupa wakisema "huku baridi, haina kazi". Nadhani ni kinyume. Kwa baridi ya Juni na Julai injini isiyo na themostati haipati joto lake, inatembea baridi siku nzima, inakula dizeli na kuchafua oili. Na hata kengele yako ya joto utaipangia namba gani kama injini haina joto la kawaida linalojulikana?

Kuhusu maji ya mtoni kwenye rejeta badala ya kulanti nitaandika siku nyingine, leo nitakasirika bure.

Haya, oili.

Taa nyekundu ya oili kwenye magari mengi huwaka presha ikiwa imeshuka sana, karibu na sifuri. Kwa maneno mengine inakuambia kwamba oili imekwisha kufika pabaya, haikuambii kwamba inaelekea huko. Geji yenye namba inakuonyesha safari nzima. Asubuhi ya baridi oili ni nzito, mshale uko juu. Injini ikipata moto unashuka. Mafundi wengi duniani wanatumia kanuni ya kukadiria: paundi 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Siyo sheria, ila inasaidia. Lakini cha maana zaidi ni kujua gari lako lilikuwa linasoma ngapi mwezi jana pale pale, kwenye mlima ule ule, na mzigo ule ule. Likiwa linasoma kidogo kidogo chini kila mwezi, beringi zinakwisha au oili imechoka, na unayo nafasi ya kupanga hela kabla injini haijanoki.

Kwenye milima kuna faida nyingine. Oili ikiwa pungufu na gari likalala sana kwa mbele au kwa nyuma, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo na pampu inanyonya hewa. Mshale unacheza, unashuka na kurudi. Taa inaweza isiwake kabisa. Dereva anayeona mshale ukicheza kwenye mteremko anasimama, anatoa dipstiki, anaongeza lita moja, maisha yanaendelea.

Tahadhari moja hapa. Kuna geji za oili za aina mbili. Moja inaleta oili yenyewe ya moto kwa kimrija hadi ndani kwenye dashibodi. Nyingine ina sensa kwenye injini na waya tu ndiyo unaokuja. Ile ya mrija husoma vizuri, lakini ukiwa wa plastiki, kwa mtikisiko wa barabara zetu siku moja utakatika na oili itamwagika kwenye miguu ya dereva. Geji iliyowekwa kulinda oili ndiyo inaimaliza! Mjomba achukue ya waya. Na ile taa ya kiwandani isitolewe. Ipo tii ya kuunganisha vyote viwili mahali pamoja. Fundi akisema haiwezekani, amwambie atafute.

Volti sina maneno mengi. Injini ikiwa imezimwa betri nzima inasoma 12.6 hivi, injini ikiwaka na alteneta ikiwa nzima inasoma kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo huchaji, juu sana ya hapo unachemsha betri. Vipo vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, vinasoma volti na kuchaji simu. Kwa dizeli ya pampu ya kizamani kama hii, ikishawaka haihitaji umeme mwingi, kinachohitajika ni ile swichi ya kwenye pampu inayofungua dizeli. Hivyo kidude cha kuchomeka kinamtosha mjomba. Ila asikubali kuuziwa geji ya ampea, ile ya Land Rover za zamani kabisa, maana umeme wote wa gari unapitia kwenye waya wake hadi dashibodi, na waya huo ukichubuka ni moto. Na wenye magari yaliyotoka Japani, angalieni kwanza kama la kwenu ni volti 12 au 24 kabla hamjalipa.

Sasa tumfikie mpenzi wa mjomba, kipima mlalo.

Naelewa kinakotoka. Wengi wetu tumekulia kwenye picha za mashindano kama yale ya Camel Trophy, ambayo mwaka 1991 yalipita Tanzania hadi Burundi na Land Rover Discovery za rangi ya njano. Gari linaloinama porini, matope hadi kwenye kioo, na dashibodi imejaa vipimo. Ni picha tamu. Lakini hebu tujiulize kile kipimo kinajua nini. Kinajua gari limelala kiasi gani sasa hivi, jambo ambalo makalio ya dereva yameshamwambia. Hakijui gari litaangukia wapi. Kuanguka kunategemea mzigo umekaa juu kiasi gani, na mzigo wa mjomba ni viazi.

Viazi vya Njombe, ndugu zangu! Gunia linalotakiwa lisizidi kilo 100 linashonewa kilemba juu, linakuwa lumbesa, halafu zinapangwa mbili kwenda juu na watu wanakaa juu yake. Ukiweka lumbesa juu ya lumbesa, ile namba iliyoandikwa kwenye kipimo kwamba hapa ni salama inakuwa ya gari jingine kabisa, gari tupu. Kipima mlalo hakijui lumbesa. Tena namuogopa kwa sababu kitampa dereva ujasiri: atasema bado haijafika kwenye nyekundu.

Kipima urefu sitakijadili. Mdandu haihami.

Geji ya turbo ina kazi yake, lakini ni kazi ya fundi kuliko ya mjomba. Mpira wa turbo ukitoboka utaona moshi mweusi na mlima utakushinda, hutahitaji mshale. Ingekuwa ni geji ya joto la ekzosi ningefikiria mara mbili, kwa sababu moja. Huku juu hewa ni nyepesi, kwenye meta 2,000 ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Gari linapungua nguvu, mwenye gari analalamika, na fundi anafungua pampu ili dizeli iongezeke. Dizeli inaongezeka, hewa haiongezeki. Moshi unakuwa mweusi na joto la ekzosi linapanda kiasi cha kuharibu turbo na pistoni. Mwenye gari la namna hiyo anahitaji kujua joto la ekzosi lake. Lakini dawa nafuu zaidi ni kumrudia fundi na kumwambia arudishe pampu ilipokuwa.

Nilimpigia simu fundi mwenyewe, nikampa shikamoo yake maana ni mtu mzima, tukaongea kama nusu saa. Alinipa hoja moja ambayo naikubali: kila geji ni tundu jingine kwenye chuma, waya mwingine, na mahali pengine pa kuharibika. Ndiyo maana nasema mbili, tatu mwisho, kila moja na fyuzi yake, na waya upitie kwenye raba pale unapotoboa ukuta wa injini. Alinipa na hoja nyingine ambayo siikubali. Alisema: "Kijana, tumeendesha Land Rover miaka yote bila hayo makengele." Kweli, shikamoo tena. Lakini zilikuwa zinaendeshwa na nani? Na mwenye gari. Anayesikia harufu, anasimama, kwa sababu injini ni yake.

Hapa ndipo naona tatizo halimalizwi na geji. Mjomba ana miaka zaidi ya sitini, hataendesha mwenyewe. Ataweka kijana, na kijana atapewa hesabu ya siku. Kengele ikilia mlimani saa kumi na moja jioni, soko la Makambako linamsubiri na mjomba yuko kwenye simu anauliza "umefika wapi?", kijana atafanya nini? Nimewaona madereva wakiziba kidude cha kelele kwa gundi na karatasi ili wapate kufika. Nilimwambia mjomba wazi, kama hujamwambia kijana mbele ya watu kwamba kengele ikilia asimame na hutamkata hela, basi chukua tu hicho kigari chako cha bluu, angalau kinapendeza.

Alicheka, halafu akanyamaza muda mrefu. Akasema atakaa na kijana.

Basi akishafungiwa, wiki ya kwanza wasibebe mzigo mzito. Wapande Mdandu hadi Njombe asubuhi na mchana, kijana aandike kwa penseli namba anazoziona: joto kwenye tambarare, joto kileleni, oili ikiwa baridi, oili ikiwa ya moto silensa. Karatasi ibandikwe nyuma ya kile kizuia jua cha dereva. Kengele ipangwe nyuzi kumi hivi juu ya ile namba kubwa kabisa ya kileleni, isiwe ile anayoikumbuka fundi kutoka gari jingine. Na waijaribu wakiwa nyumbani, injini ya moto, kwa kuishusha hiyo namba mpaka ilie, ili kijana na hata watoto wa pale nyumbani waijue sauti yake.

Fundi anasema Jumamosi ataanza na mfuniko.